Kusi Isiyoleta Mvua: Upepo Uliojenga Pwani ya Lüderitz

Mwezi Oktoba 1886, mfanyabiashara Mjerumani aliyeitwa Adolf Lüderitz aliondoka mdomoni mwa Mto Orange kwa mashua ndogo, akikusudia kurejea kaskazini hadi kwenye ghuba ambayo leo ina jina lake, katika nchi tunayoijua kama Namibia. Hakufika, na mashua yake haikuonekana tena. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameununua ukanda wote ule wa pwani kutoka kwa Josef Frederiks, kiongozi wa Wanama wa Bethanie, kwa mkataba wa hila: karatasi ilitaja upana wa maili 20 kutoka baharini, Frederiks akaelewa maili ya Kiingereza yenye kilomita 1.6, kumbe mnunuzi alikuwa akihesabu maili ya kijiografia ya kwao yenye kilomita zaidi ya 7. Aliitaka ardhi hiyo kwa ajili ya madini. Hakuyaona, akaishiwa fedha, akalazimika kuuza. Na katika safari ile ya mwisho, almasi zilikuwa nchi kavu upande wake wa kuume, nyingine zimelala juu ya mchanga bila hata kufukiwa, na ingepita miaka 22 kabla ya mtu kuinama na kuokota moja.

Waliokulia katika pwani hiyo, au waliofanya kazi huko, wanapoeleza ya zamani hutaja mambo ambayo kwa msikilizaji wa mbali hayaonekani kuwa na uhusiano wowote. Watataja kambakochi waliojaa kwenye mashua asubuhi, ukungu uliofunika mji hadi saa nne, mchanga uliopenya chini ya mlango na kujaa sebuleni, harufu ya mayai mabovu iliyotoka baharini, seng'enge yenye bango la kukataza watu kupita, na mitambo ya chuma iliyoachwa ikaliwa na kutu. Kwetu sisi tuliozoea pwani yenye minazi, mvua ya masika na maji ya uvuguvugu, inashangaza vya kutosha kusikia kwamba jangwa linaweza kushuka hadi likagusa mawimbi, sembuse kwamba bahari inayoligusa jangwa hilo ni miongoni mwa bahari zenye samaki wengi duniani. Hata hivyo mambo hayo yote, samaki, jangwa, ukungu, uvundo na almasi, yana chanzo kimoja kinachoweza kuelezwa, nacho ni upepo.

Baharia wa Lamu au Unguja anaujua upepo wa kusi kama majira: huanza karibu na Aprili, hufunga safari za mashua ndogo, na mwanzo wake huja na mvua. Katika pwani ya Lüderitz upepo wa kusini huvuma sehemu kubwa ya mwaka, nao huwa mkali zaidi katika miezi yao ya joto, kuanzia karibu na Oktoba. Huvuma sambamba na ufuo, kutoka kusini kwenda kaskazini. Hapo ndipo jambo la ajabu linapotokea. Kwa kuwa dunia inajizungusha, maji ya juu yanayosukumwa na upepo kusini mwa ikweta hayaendi moja kwa moja unakoelekea upepo, yanapinda kushoto. Ukiupa mgongo upepo huo, kushoto kwako ni magharibi, yaani bahari kuu. Maji ya juu yanaondolewa ufuoni mchana na usiku, na nafasi yake haiwezi kubaki tupu, kwa hiyo maji ya kilindini hupanda kuijaza. Maji hayo ni baridi, mara nyingi nyuzi 10 hadi 15 za selsiasi, na yamebeba virutubisho vilivyolimbikizana gizani kutokana na mabaki ya viumbe wanaokufa na kuzama. Wanasayansi wa bahari huitaja sehemu iliyo mbele ya Lüderitz kuwa mojawapo ya mahali ambapo maji hupanda kwa nguvu zaidi duniani, ndani ya mfumo mzima wa Benguela, mkondo wa maji baridi wa pwani hiyo. (Kusi yetu nayo hufanya hivyo hivyo mbele ya Somalia, kwa kupinda kulia kwa sababu huko ni kaskazini mwa ikweta, ndiyo maana bahari ya huko hupoa katikati ya mwaka.)

Ubaridi huo ndio unaolifanya jangwa. Hewa iliyo juu ya maji baridi hupoa, huwa nzito na kulala chini, na hewa iliyolala haipandi kutengeneza mawingu ya mvua. Lüderitz hupata mvua ya milimita 20 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho Tanga inaweza kukipata kwa saa moja ya masika. Unyevu uliopo hugeuka kuwa ukungu, ambao huingia bara usiku na kuyeyuka jua linapopanda. Wadudu na mimea ya Jangwa la Namib huishi kwa ukungu huo, lakini kwa manahodha ukungu ndio uliokuwa adui. Septemba 1909 meli ya Kijerumani iitwayo Eduard Bohlen ilipanda fungu la mchanga kwenye Ghuba ya Conception katika ukungu mzito, na leo mabaki yake yamesimama mchangani mita mia kadhaa kutoka baharini, kana kwamba kuna mtu aliyeiegesha jangwani. Meli haikusogea. Upepo na mawimbi vilileta mchanga mbele yake hadi ufuo ukahamia kwingine.

Upande wa bahari, virutubisho vinavyopanda juani hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea hiyo huliwa na viumbe wadogo na dagaa, na dagaa huliwa na samaki wakubwa, sili, mnandi na pengwini. Ndege wanaokula samaki wengi kiasi hicho hulala kwenye visiwa vidogo vya miamba, ambako fisi na mbweha hawafiki. Mahali pengine kinyesi chao kingeoshwa na mvua, lakini hapa hakuna mvua, kwa hiyo kilirundikana kwa karne nyingi hadi kikawa tabaka lenye kina cha mita kadhaa. Hiyo ndiyo guano, samadi yenye naitrojeni na fosfeti, na ndiyo mgodi wa kwanza wa pwani hii. Habari za kisiwa cha Ichaboe, kaskazini mwa Lüderitz, zilipowafikia wafanyabiashara wa Uingereza, mwaka 1843 meli zilianza kufika, na kufikia mapema 1845 mamia ya meli yalikuwa yametia nanga kuzunguka mwamba usiozidi hekta 7, wachimbaji wakigawana vipande vya samadi kwa kamba na kupigana kwa koleo. Kabla ya mwaka huo kwisha kisiwa kilikuwa kimekwanguliwa hadi jiwe tupu. Pengwini, ambao walizoea kuchimba viota ndani ya samadi ili wajikinge na jua, wakabaki wakitaga mayai juu ya mwamba, na idadi yao imekuwa ikipungua tangu hapo kwa sababu hiyo pamoja na nyingine, hasa ya chakula.

Chakula kilipungua kwa njia ile ile iliyoimaliza samadi. Katika miaka ya 1960 viwanda vya bandari ya Walvis Bay vilivua dagaa, wale wanaotiwa makoponi kwa jina la sadini, hadi mwaka 1968 mavuno yaliyoandikishwa yakapita tani milioni 1.3. Baada ya hapo yaliporomoka, yakainuka kidogo, yakaporomoka tena mwishoni mwa miaka ya 1970, na hayajarudi kamwe katika hali ya zamani. Mwaka 2018 serikali ya Namibia ilisimamisha kabisa uvuvi huo. Nafasi ya dagaa ilichukuliwa kwa sehemu kubwa na yavuyavu, ambao huko hawaliwi na mtu na hawamshibishi pengwini. Wakati huo huo meli kubwa za kokoro kutoka Hispania, Umoja wa Kisovieti na kwingineko zilikuwa zikichota samaki aina ya heki bila kumwuliza mtu, kwa kuwa utawala wa Afrika Kusini katika nchi hiyo haukutambuliwa kimataifa, na hivyo hakukuwa na dola iliyoweza kudai maili 200 za bahari. Namibia ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990, moja ya hatua zake za mwanzo ilikuwa kutangaza eneo hilo, na muda si mrefu ikakamata meli za Kihispania zilizodhani mambo ni yale yale.

Uvuvi ambao wazee wa Lüderitz hupenda zaidi kuusimulia ni wa kambakochi. Zana yake ni rahisi: duara la chuma lililoshonewa wavu kama mfuko usio na kina, kichwa cha samaki kimefungwa katikati kuwa chambo, kamba ndefu na boya. Mashua ndogo huingia katikati ya mwani mkubwa unaoota kama msitu majini, mitego inashushwa kwenye miamba, wavuvi wanasubiri, kisha wanavuta haraka na bila kusita, kwa maana kambakochi akihisi kulegea kwa kamba hujirusha nyuma na kutoka. Kazi hiyo hufanywa alfajiri. Kufikia adhuhuri upepo umeamka, bahari imechafuka, na anayechelewa anaweza kwenda mrama mbele ya mawimbi yanayopasukia miambani. Yaani upepo unaowaletea samaki ndio huo huo unaowapunguzia saa za kuwavua.

Harufu ya mayai mabovu ni sehemu ya hesabu hiyo pia. Mimea midogo inayoota kwa wingi hailiki yote. Inayobaki hufa, huzama na kuoza sakafuni, ikila oksijeni yote ya maji ya chini na kuacha gesi ya haidrojeni salfaidi kwenye matope. Mara kwa mara gesi hiyo hufumuka hadi juu, bahari ikageuka rangi ya kijani cha maziwa, na samaki wakafa kwa wingi. Oksijeni inapopungua chini, kambakochi hukimbilia kwenye maji mafupi karibu na ufuo, na mvuvi asiyejua sababu husema mwaka huu Mungu amefungua mkono. Mavuno mazuri ya namna hiyo ni dalili ya dhiki iliyoko chini.

Almasi zina hadithi ndefu zaidi, na hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu watu wengi hudhani zilichimbukia jangwani. Hazikuzaliwa hapo. Zilipandishwa na miamba ya moto mamia ya kilomita bara, kusini mwa Afrika, katika sehemu kama zile za Kimberley. Kwa muda wa makumi ya mamilioni ya miaka mvua na mito viliimomonyoa miamba hiyo, na Mto Orange pamoja na mito iliyoutangulia ukabeba vipande hadi Atlantiki. Safari hiyo ilikuwa kama chekecheke: jiwe lenye ufa lilisagika njiani, na lililofika lilikuwa zima, ndiyo sababu zaidi ya asilimia 90 ya almasi za pwani hii zina ubora wa vito, kiwango ambacho machimbo ya bara hayakikaribii.

Mto ulipozimwaga baharini, upepo ukapokea kazi. Mawimbi yanayosukumwa kutoka kusini-magharibi hupiga ufuo kwa mshazari, kila wimbi likisogeza changarawe hatua moja kaskazini na kulirudisha nusu hatua. Kokoto nzito huchoka mapema, nyepesi huenda mbali. Kwa hiyo karibu na mdomo wa Orange almasi ya wastani huwa na karati (kipimo cha uzito wa vito) moja au zaidi, na kadiri unavyoelekea Lüderitz, kilomita zaidi ya 200 kaskazini, zinapungua hadi kuwa sehemu ndogo tu ya karati, kama punje za mtama. Kule kaskazini kuna ghuba zilizofungua kinywa kuelekea kusini. Mchanga unaotupwa ndani yake hukauka, upepo unaubeba na kuupeleka bara kujenga vilima, na kile ambacho upepo haukiwezi kwa uzito wake kinabaki juu ya ardhi. Mabonde yaliyo nyuma ya ghuba za Pomona na Elizabeth Bay yalipepetwa hivyo kwa maelfu ya miaka, kama mama anavyopepeta mchele, hadi zikabaki punje zinazong'aa.

Aliyeinama kuokota alikuwa Zacharias Lewala, mfanyakazi wa reli aliyewahi kufanya kazi Kimberley na kwa hiyo alijua anachokiona. Ilikuwa Aprili 1908, karibu na kituo kidogo cha Grasplatz, ambako kazi yake ilikuwa kuondoa mchanga uliofunika reli. Narudia, upepo ndio uliompa ajira. Alimpelekea jiwe msimamizi wake, August Stauch, ambaye alijipatia leseni za uchimbaji na kutajirika. Lewala hakupata sehemu katika utajiri huo. Na reli yenyewe haikujengwa kwa mikono iliyolipwa tu. Katika vita vya maangamizi dhidi ya Waherero na Wanama, miaka ile ile ambayo dola hiyo hiyo ya Ujerumani ilikuwa ikiwakandamiza wapiganaji wa Maji Maji huku kwetu, wafungwa waliwekwa katika kambi ya Shark Island, mbele kabisa ya bandari ya Lüderitz, wakipigwa na upepo baridi bila nguo wala chakula cha kutosha. Kumbukumbu za utawala wenyewe zinaonyesha kuwa wafungwa 2,014 walitumika kwenye ujenzi wa reli kati ya Januari 1906 na Juni 1907, na kati yao 1,359 walikufa. Shark Island leo imeunganishwa na nchi kavu na ina uwanja wa watalii kupigia mahema. Nimesoma masimulizi mengi matamu kuhusu mandhari ya machweo kutoka hapo, na machache sana yanayosema ni mahali gani.

Habari ya jiwe la Lewala ilipothibitishwa, mambo yalikwenda mbio. Katika bonde moja karibu na Pomona wafanyakazi walipangwa mstari, wakatambaa kwa magoti na viganja, kopo limening'inia shingoni, wakiokota almasi kama mtu anayeokota kunde zilizomwagika. Septemba 1908 serikali ya Kijerumani ilitangaza ukanda wa kilomita 100 kutoka baharini, kuanzia Mto Orange hadi latitudo ya 26 kusini, kuwa Sperrgebiet, eneo lililopigwa marufuku. Kufikia 1914 karati karibu milioni 5 zilikuwa zimetoka. Mji wa Kolmanskop, ambao picha zake za vyumba vilivyojaa mchanga kila mtu amekwisha kuziona, ulikuwa na hospitali yenye mashine ya eksirei, kiwanda cha barafu, ukumbi wa burudani na bwawa la kuogelea, katika nchi ambayo maji ya kunywa yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town. Waliokuwa wakikaa katika nyumba hizo walikuwa Wajerumani mia chache na familia zao. Mamia ya Waovambo walioletwa kwa mikataba kutoka kaskazini walilala kwenye mabweni, wakikaa miezi mingi bila ruhusa ya kutoka, na eksirei ile iliwahusu zaidi wao: ilitafuta almasi zilizomezwa.

Kolmanskop haikuuawa na mchanga, ingawa picha zinadokeza hivyo. Iliuawa na hesabu ya mawimbi. Mwaka 1928 zilipopatikana changarawe tajiri kaskazini tu ya mdomo wa Orange, katika matuta ya fuo za kale zilizoachwa bahari ilipokuwa juu zaidi, ilionekana wazi kwamba mawe makubwa yapo kusini. Kampuni iliyoundwa na mfanyabiashara wa almasi Ernest Oppenheimer mwaka 1920 ilihamishia nguvu huko, mji wa Oranjemund ukaanzishwa 1936, na watu wa mwisho wakaondoka Kolmanskop mwaka 1956. Kilichofuata ni kazi ya kawaida ya upepo usiozuiwa na ufagio wa mtu.

Oranjemund ilikuza uchimbaji wa aina yake. Mitambo huondoa mchanga wa juu hadi kufikia mwamba, hata ikibidi kushuka chini ya usawa wa bahari, nyuma ya kuta za mchanga zinazoizuia Atlantiki isirudi. Baada ya magari makubwa kupita, wafanyakazi hushuka na mifagio na mabomba ya kufyonza, kwa sababu almasi hujificha katika nyufa za mwamba, na ufa mmoja unaweza kuwa na thamani kuliko lori zima la changarawe. Kwa hofu ya wizi, gari lililoingia ndani ya eneo halikutoka tena, na ndiyo asili ya makaburi yale ya vyuma yanayokumbukwa na kila aliyepita, pamoja na vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia vilivyogeuzwa kuwa mashine za kusukuma mchanga. Hata njiwa walipigwa marufuku, kwa kuwa walishakamatwa wakiruka na vifurushi.

Nyuma ya ukuta mmoja wa aina hiyo, Aprili 2008, wachimbaji walikuta mizinga, pembe za ndovu, zaidi ya sarafu 2,000 za dhahabu na tani nyingi za shaba. Ni mabaki ya meli ya Kireno, inayoaminika kuwa Bom Jesus, iliyopotea mwaka 1533 ikielekea India. Meli hiyo ilikuwa njiani kwenda kununua pilipili, ikazama juu ya almasi.

Siku hizi sehemu kubwa ya almasi za Namibia haitoki tena ardhini. Meli maalumu, ya karibuni ikiwa Benguela Gem iliyoanza kazi 2022, hukwangua sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 90 hadi 140, mahali palipokuwa ufuo wakati bahari ilipokuwa chini. Sperrgebiet nayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na leo inaitwa Tsau ǁKhaeb, ingawa machimbo yanaendelea ndani yake. Mvutano mpya uko mbele ya Walvis Bay, ambako chini ya bahari kuna akiba kubwa ya fosfeti iliyotokana na viumbe wale wale waliolishwa na maji yanayopanda. Mwaka 2016 kibali cha mazingira kilitolewa ili ichimbwe, na katika muda wa miezi michache, baada ya wenye meli za uvuvi na wafanyakazi wao kupiga kelele, waziri akakifuta. Shauri limekuwa likipita mahakamani, na heki bado wanavuliwa juu ya akiba hiyo.